Namba Zisizosema Kitu

Mzee yule hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikuchukua muda mrefu kumlipa.

Nilikuwa binti kijana, nafundisha darasa la pili katika shule moja upande wa Mazingara, kwetu Handeni. Ikaja barua fupi kwamba nihamie Korogwe, nikasaidie katika stoo ya vifaa vya kufundishia. Barua haikusema kwamba stoo hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mshambaa wa milimani, karani tangu enzi za Mwingereza. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, soksi ndefu hadi magotini, na kalamu mbili mfukoni, moja ya wino na moja ya risasi. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa stoo kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Aliisoma barua yangu mara mbili, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna maneno mengine.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Hapa hatufundishi."

"Nimetumwa, mzee."

"Nimeona. Keti pale."

Pale palikuwa nyuma ya mlango. Kila aliyeingia alinigonga kiwiko, naye mzee hakumwambia hata mmoja awe mwangalifu. Nilikaa pale kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja.

Tulikuwa tumejitawala si zamani, na shule zilifunguliwa kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana. Wengine walipewa darasa wakiwa wenyewe wamemaliza la saba juzi. Ndipo wakubwa wakabuni masanduku ya vipindi vya watoto wadogo. Kila kipindi kilikuwa na sanduku lake la mbao, na ndani yake mna picha za kubandika ukutani, kadi za maneno, na kanda ya sauti, zile kanda za mviringo zinazozungushwa kwenye tepurekoda. Mwalimu aliandika barua kuomba kipindi, akapelekewa sanduku pamoja na mashine ya betri, akafundisha, akarudisha. Mwalimu asiyejua kuimba aliwawekea watoto kanda, wakaimba nayo. Kanda hizo mzee ndiye aliyezunguka shuleni kuzirekodi.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyejua kilichomo stoo isipokuwa yule mzee. Alikuwa amepanga masanduku kwa majina ya shule zilizoyatumia kwanza. Rafu hii Mnyuzi, rafu ile Segera, ile ya pembeni Mazingara. Mwalimu akiomba kipindi cha maji safi, mzee alifumba macho kidogo, kisha akasema, "Hicho kiko kwa watu wa Mnyuzi." Akafumbua na kwenda moja kwa moja. Sikatai, ilipendeza kumtazama. Lakini alipoumwa malaria wiki mbili, hakuna sanduku lililotoka. Barua za walimu zilirundikana mezani, na mimi nikizunguka kati ya rafu kama mgeni msibani.

Baada ya malaria ile afisa wa elimu aliniita.

"Ndugu mwalimu, tengeneza utaratibu. Nataka hata mimi nikiingia mle nipate ninachotaka."

Nilirudi stoo nikamweleza mzee nilichoagizwa. Akasema, "Tengeneza," akaendelea kuchonga penseli yake.

Nilianza vibaya. Nilipanga vitu kwa masomo: kusoma rafu moja, hesabu rafu nyingine, kilimo rafu yake. Asubuhi moja nikashika picha ya mwanamke anapalilia mahindi. Ilikuwa ya kilimo. Lakini kadi za maneno zilizoandamana nayo zilikuwa za kusoma: jembe, shina, jani. Na lebo ya kanda yake ilisema watoto wanahesabishwa mistari ya mahindi. Nikaishikilia picha ile asubuhi nzima. Niiweke wapi? Kitu kimoja hakiwezi kukaa rafu tatu.

Mwishowe nikaona kwamba nilikuwa nalilazimisha sanduku lifanye kazi mbili, kukaa mahali na kujieleza. Nikaamua kuzitenganisha. Sanduku likae popote penye nafasi. Maelezo yake niyaandike kwenye kadi ya karatasi ngumu, na kadi naweza kuandika tatu, nikaziweka kwenye droo tatu. Anayetafuta kilimo ataikuta kwenye kilimo, anayetafuta hesabu ataikuta kwenye hesabu, na zote zitampeleka kwenye sanduku lilelile.

Kilichobaki kilikuwa namba, na hapo ndipo nilipojivunia zaidi. Nilitaka namba isiyosema kitu. Kama namba inasema darasa la pili, siku wakubwa watakapohamishia kipindi darasa la kwanza, na walikuwa wameshafanya hivyo, namba itakuwa inadanganya. Kama inasema shule, sanduku litakwenda shule nyingine. Kwa hiyo nilitoa namba kwa kufuata tu jinsi nilivyoanza kuvihesabu vitu, moja, mbili, tatu, na kila sanduku, kila picha na kila kanda ikawa na yake; kanda nikazitoa masandukuni, nikazipanga rafu yao. Mengine yote yakawa kwenye kadi: jina la kipindi, darasa, somo, kinaandamana na nini, kiko rafu gani, nani amekichukua. Sehemu za kubadilika niliandika kwa penseli. Mambo yakibadilika, unafuta kwenye kadi, sanduku hulishiki.

Fundi seremala wa sokoni alinitengenezea droo. Nikaandika kadi kwa miezi, nikisoma lebo za masanduku na za kanda. Na kabla ya kubandika namba zangu, nilichukua kisu na kitambaa cha maji, nikakwangua lebo za zamani kwenye kila sanduku na kila kanda.

Lebo hizo ziliandikwa kwa mkono wa mzee. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi zimelala upande mmoja zote, wino mweusi. Sikumwomba ruhusa. Alikuja akasimama nyuma yangu nikikwangua, akatazama maji meusi yakichuruzika kwenye ndoo. Nami sikugeuka, ingawa nilijua amesimama pale.

Siku chache baadaye alichukua kanda moja akaja nayo mezani kwangu.

"Hii ni nini?"

"Kanda, mzee. Namba mia mbili na kumi."

"Ya nini?"

"Kadi inasema."

"Sikuulizi kadi. Nauliza kanda inasema nini."

"Haisemi kitu. Ndivyo nilivyotaka."

"Kwa hiyo kadi ikipotea, kanda imekufa."

"Kadi haitapotea."

"Humu huishi peke yako," alisema, akairudisha kanda rafuni.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini afisa alipokuja kukagua utaratibu mpya, nilitaka ushindi mbele za watu. Walikuwepo walimu wakuu wachache waliofuata barua zao. Nikasema, kwa sauti ya heshima ambayo haikuwa na heshima ndani yake, "Tujaribu. Mzee atafute kipindi cha wadudu wa shambani, na mimi nitafute. Mzee aanze."

Mzee alinitazama, kisha akafumba macho kama kawaida yake. Akaenda kwenye rafu aliyoizoea, akanyoosha mkono, akakuta namba tupu. Akageuza sanduku, akageuza la pili. Akapanda ngazi ndogo na soksi zake ndefu. Mwalimu mkuu mmoja alicheka kwa pua. Mimi nilivuta droo, nikasoma kadi, nikaenda nikalitoa sanduku. Afisa akasema, "Hiki ndicho nilichotaka."

Hakuna aliyesema kwamba mzee alikosa kwa sababu nilikuwa nimefuta alama zake zote. Mimi nilijua. Yeye alijua. Alishuka ngazi polepole, akafuta vumbi kwenye kaptula, akatoka nje.

Tangu siku ile hatukusemezana ila la kazi. Chai ilikuja kikombe kimoja, chake. Aliandika barua kwa afisa kwamba naharibu mali ya umma, na nyingine kwamba sina adabu kwa wakubwa. Watu walioulizia habari zangu aliwaambia, "Huyo wa Handeni? Huko kwenye ukame hawafundishwi kuomba ruhusa." Nami niliwaambia watu kwamba yule ni mabaki ya mkoloni. Miaka ile neno hilo lilikuwa zito, lingeweza kumtoa mtu kazini. Nilijua uzito wake nilipolisema.

Kisha baba yangu akaugua. Nilipewa ruhusa, nikaenda nyumbani, nikamkuta bado anaongea lakini hanitambui. Huo ulikuwa wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Njia nzima niliona watu wamebeba milango ya nyumba zao vichwani, na vinu, na kuku wamefungwa miguu. Shule niliyofundisha ilikuwa imeezuliwa bati. Wanafunzi wangu walikuwa wamegawanywa katika vijiji viwili vipya vyenye majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Hata katika msiba ule nikawaza, namba zangu hazikutaja shule, nilifanya vema.

Tulimzika baba, tukasoma hitima, nikarudi Korogwe.

Nilivuta droo ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Nikavuta ya tatu nikijua nitakachokuta.

"Kadi ziko wapi?"

Mzee alikuwa anakunywa chai. Alimeza kwanza. "Pole na msiba."

"Kadi ziko wapi, mzee?"

"Karatasi zimeadimika. Shule za vijiji vipya hazina hata madaftari. Ilitoka amri kila ofisi itoe karatasi yenye upande mmoja mtupu, watoto waandikie. Zako zilikuwa ngumu, nzuri. Nikatoa."

"Zote?"

"Amri haikusema nusu."

Nilimwambia neno ambalo binti hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Silirudii hapa. Aliweka kikombe chini, akachukua kofia yake, akaenda kunishtaki. Alipotoka nilikaa nyuma ya mlango nikalia, na sijui hata leo nilikuwa nalilia kadi au baba.

Afisa alinisikiliza akiwa anatia saini barua nyingine. "Ndugu, hizo ni kadi tu. Watoto wamepata pa kuandikia. Ziandike tena."

Nilikwenda kwenye rafu. Masanduku yenye picha yaliwezekana, picha unaitazama unajua ni ya nini. Lakini kanda zilikuwa zimenyamaza. Duara la plastiki na namba mia mbili na kumi, basi, na nyimbo za watoto hazingenitajia kipindi wala darasa. Hapo nilikumbuka alichoniambia mezani, na kukumbuka huko hakukupunguza chuki yangu. Kulinifanya nimchukie zaidi.

Niliuliza kadi zimepelekwa wapi, nikaambiwa fungu moja kubwa lilikwenda shule moja upande wa Mnyuzi. Nikapanda treni asubuhi. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mama mnene mwenye sauti kavu. Alinisikiliza mlangoni mwa darasa bila kunikaribisha ndani.

"Umekuja kuwanyang'anya watoto karatasi?"

"Ni kadi za ofisi, mama. Zilitolewa kwa makosa."

"Zilitolewa kwa barua yenye muhuri. Ukitaka kunakili, nakili. Kadi haitoki hapa."

Nikaingia nikakaa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu. Nilikaa siku tatu, nikilala kwa jamaa wa mbali pale kijijini. Watoto walikuwa wanafanya hesabu za kujumlisha nyuma ya kazi yangu ya miezi. Kila mmoja alipomaliza aliigeuza karatasi yake akaninyooshea, nami nikanakili kwenye daftari. Wengine walikuwa wamekata kadi vipande kupata mbili. Mtoto mmoja wa kike alikuwa na nusu, na nilipomuuliza nusu nyingine iko wapi, alisema aliandikia saba mara saba, kisha mbuzi akaila.

Siku ya tatu mama yule alisimama juu yangu, akasoma kadi niliyokuwa nanakili.

"Wimbo wa kuhesabu, darasa la kwanza," alisoma. "Kumbe mnao?"

"Tunao, mama."

"Niliandika barua mbili kuomba wimbo wa kuhesabu. Sikujibiwa. Nimeletewa kadi inayosema wimbo upo."

Aliniacha hapo, na jioni nilipoondoka hakunisindikiza.

Nilirudi na kadi zisizofika nusu. Nyingine zilikwenda shule ambazo majina yake yalikuwa yameshabadilika, na kila niliyemuuliza alinielekeza kijiji tofauti. Ikanibidi nifanye nilichoapa sitafanya. Nikaenda mbele ya meza ya mzee na kanda mikononi.

"Mzee, kanda hizi ulizirekodi wewe. Naomba unisaidie, zina nini?"

Hakuinua uso. "Ziulize namba zako."

Mwisho wa mwezi ule alistaafu. Ofisi ilimfanyia tafrija ya soda na biskuti. Mimi nilibaki stoo, nikawasikia wakipiga makofi upande wa pili wa ukuta.

Alipokwisha kuondoka nikaomba tepurekoda niitumie mchana, nikaamua kusikiliza kanda moja moja mpaka nijue. Niliweka ile ya mia mbili na kumi kwanza. Ilikwaruza kidogo. Kisha ikaja sauti ya mzee, taratibu, kama anasoma imla.

"Kipindi cha wadudu wa shambani. Darasa la tatu. Somo la kilimo, na kusoma. Itumike pamoja na picha ya nzige na kadi kumi na mbili za maneno. Imerekodiwa shuleni Segera. Mwalimu, watayarishe watoto."

Kikafuata kimya kifupi, kisha watoto wakaanza.

Niliizima. Nikaweka nyingine. Sauti ileile: jina la kipindi, darasa, somo, itumike pamoja na nini, imerekodiwa wapi. Nyingine, hivyohivyo. Kila kitu nilichodhani nimekibuni mimi kwenye kadi, yeye alikuwa amekisema mwanzoni mwa kila kanda kabla mimi sijafika Korogwe. Hakuna kisu ambacho kingekikwangua. Na siku alipogawa kadi zangu, alijua hakuna kilichokufa. Aliniacha niende Mnyuzi nikakunje magoti siku tatu.

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikauma. Kisha nikachukua karatasi nikaanza kuandika.

Ilinichukua wiki nyingi. Mchana kutwa nilikaa na sauti ya mtu niliyemchukia, naye akinisomea kadi zangu. Alitaja shule ambazo hazipo tena, vijiji vilivyobaki majani, na mimi niliyaandika majina kama alivyoyataja, kisha chini yake kwa penseli jina jipya nililoweza kulipata. Kanda mbili tatu hazikuwa na sauti yake, ni watoto tu wanaimba Kizigua, na hizo sikuwahi kujua ni za kipindi gani. Safari hii niliandika kadi pande zote mbili. Na ndani ya kila sanduku na kila kasha la kanda nilitia kipande cha karatasi chenye maneno yaleyale ya kwenye kadi. Namba niliziacha kama zilivyo. Hapo sikukubali kushindwa, na bado naona nilikuwa sawa.

Masanduku yakaanza kutoka. Wimbo wa kuhesabu niliupeleka Mnyuzi mimi mwenyewe. Yule mama alitia saini, akaniambia betri zimeisha nguvu, akafunga mlango.

Nilikutana na mzee mara moja tu baada ya hapo, Segera, kwenye wauza machungwa. Mimi nilikuwa nangoja gari la Handeni, yeye la kupanda Lushoto. Alikuwa amevaa kanzu. Kwa mara ya kwanza niliona miguu yake bila soksi, imekonda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nilishtuka kuitikiwa, nikasahau nilichokusudia kusema kwanza. Nikasema tu, "Sauti yako imo mwanzoni mwa kila kanda."

"Imo."

"Ulijua, ukaniacha."

"Ulikaa na kanda zile miezi," alisema. "Ukaziosha, ukazibandika, ukazihesabu. Hukusikiliza hata moja. Mimi nikasema, ngoja asikilize."

"Ungeniambia."

"Wewe ungeniambia kabla ya kukwangua."

Mwuzaji alitumenyea machungwa, kila mtu akala lake.

"Siku yangu ya kuagwa," alisema, "ulikuwa ndani ya stoo. Niliona mlango umefungwa."

"Sikutaka kuja, mzee."

"Vizuri," alisema. "Na mimi sikutaka uje."

Gari la Lushoto lilifika kwanza. Alipanda bila kuniaga, akakaa upande wa pili, dirisha la mbali.